Nilichombania Edita wa Songea

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Nalisema mapema ili msije mkatunga mengine, maana nawajua. Mwezi uliopita nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano mara tatu mfululizo, mbele ya mteja, mpaka yule mteja, binti wa watu, akanipokonya sindano kwa adabu akatunga yeye. "Pole babu," akasema. Babu! Jioni ile nikamwambia Hansa wa dukani imetosha. Tangu hapo nashinda barazani kwangu Magomeni, na uchovu ambao sikujua ninao umenijia wote kwa mpigo.

Nyinyi vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie habari za kazi. Haya. Sitaandika nani alipanda cheo, kwa sababu karakana yetu haikuwa na vyeo, ilikuwa na benchi moja na viti viwili, kimoja kibovu. Nitaandika habari za cherehani, za mafundi, na za yale maoni ya kwenye blogu ambayo nyinyi mnayacheka kuwa ni mambo ya kizamani. Kila mara nilipokuwa nawapigia kelele, "Jibu swali la mtu lote! Usimjibu nusu!" mlikuwa mnakonyezana. Niliwaona. Leo nawaeleza kelele zile zilitoka wapi.

Niliingia kwa Bwana Ratilal nikiwa na miaka ishirini na minne, mke wangu Mwanaidi ana mimba ya kwanza. Duka lilikuwa palepale mnapopajua, mtaa wa ndani Kariakoo, mbele cherehani zinauzwa, nyuma karakana. Ila siku zile mbele hapakuwa na cha kuuza. Kabati la kioo lilikuwa na boksi mbili za sindano na kalenda. Spea hakuna, mafuta ya mashine hakuna, springi tulikuwa tunazipinda wenyewe kwa spoku za baiskeli. Bwana Ratilal, mtu mpole aliyekuwa akifungua duka kila asubuhi kwa kuwasha ubani mbele ya picha za miungu yake, alinishika bega akanipeleka nyuma kwa Fundi Shomari.

"Shomari, huyu anaitwa Kondo. Mfundishe kazi."

Fundi Shomari alikuwa mzee wa hapahapa mjini, kofia ya kiua kichwani, vidole vyeusi kwa mafuta. Hakuinua macho.

"Nimfundishe nini? Ana macho. Aangalie."

Basi nikaangalia. Nilisafisha vyuma kwa mafuta ya taa miezi minne nikiangalia. Na nikagundua kitu: kila mashine ilipofikia pale penye utaalamu wenyewe, Fundi Shomari alinituma. "Kondo, hebu kanichukulie mafuta." Mafuta yako miguuni pake. "Fundi, mbona haya hapa?" "Nimesema kachukue mengine." Naenda, narudi, mashine inashona vizuri, yeye anafuta mikono. Asiponituma, alinigeuzia mgongo. Mgongo wake ulikuwa mpana, Mungu amrehemu.

Hiyo ndiyo tuliyoiita kubania. Haikuwa roho mbaya ya mtu mmoja. Kariakoo nzima mafundi tulikuwa hivyo, wa cherehani, wa saa, wa redio. Unamwonyesha mwenzio hatua nne, ya tano unabaki nayo. Ukimpa zote kesho anafungua meza mbele ya mlango wako. Na mteja vilevile: ukimweleza kila kitu harudi. Mimi nilijifunza taimingi ya mashine, yaani lini sindano ikutane na chuma kinachodaka uzi chini, kwa kumtazama Fundi Shomari kwenye kioo cha kabati, kutokea dukani, nikijifanya nafuta vumbi. Ilinichukua miaka miwili. Nilipoijua nami nikaanza kugeuza mgongo.

Kisha ikaja ruksa. Watu wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na Kariakoo ikajaa vitu kwa haraka mpaka tukawa tunapita upandeupande barabarani. Sisi wa cherehani tulishangilia wiki moja tu. Mitumba ilipofurika, mafundi nguo wetu wa Buguruni na Magomeni walikosa watu wa kuwashonea, nani atashona shati wakati lililoshonwa liko kwenye rundo? Wakaanza kutuletea cherehani zao si kwa matengenezo, bali kutuuliza kama kuna anayezitaka. Nilichoka sana miaka ile. Nilikuwa nawaambia watu hapana kutwa nzima.

Halafu viwanda vya nguo vikafungwa, na mashine zake kubwa za umeme zikaanza kuingia mtaani kwa mikokoteni. Hizo ndizo zilizotuokoa. Zinakwenda kasi, zina mafuta yake tumboni, zinashona jinzi na turubai. Fundi Shomari alikuwa ameshawahi kufanya kazi kiwandani, akazijua. Nami nikamtazama kwenye kioo, hatua kwa hatua, kwa mashine hizi mpya, mpaka siku alipoanguka msikitini na hakuinuka tena. Tulimzika Kisutu. Nikakaa kwenye kiti chake, kile kizima.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini kubwa kuliko zote ni ile mvua iliyojaza maji bondeni Jangwani. Zililetwa cherehani zilizolala matopeni siku tatu, nyingine zina samaki wadogo ndani, sitanii. Tuliziosha kwa maji safi kwanza, kisha mafuta ya taa, kisha tukazianika juu ya mabati mpaka majirani wakauliza kama tumeanza kukausha dagaa. Wenyewe walikuwa wanakuja kila siku kusimama mlangoni. Mashine imo ndani, mtu kasimama nje, ndiyo maisha yake yote yale.

Hansa, binti wa Bwana Ratilal, alirudi kutoka chuo na kompyuta. Alikuwa ameshaiona biashara ya baba yake inavyohema. Siku moja akaja karakana, akakaa kwenye kile kiti kibovu.

"Mjomba Kondo, nataka tufungue blogu ya cherehani."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Unaandika kwenye mtandao. Watu wanasoma, chini wanaandika maoni yao, wanauliza, unawajibu. Wewe sema, mimi nitachapa."

"Wakishajua kutengeneza wenyewe, nani ataleta mashine hapa?"

Baba yake, aliyekuwa anasikiliza kutokea mbele, akasema, "Mimi pia nimeuliza hivyohivyo." Hansa akacheka. "Nyie wawili! Watu hawawajui hata mpo. Waacheni wawajue kwanza."

Tukaanza. Nilikuwa nasema, yeye anachapa. Jinsi ya kusafisha meno ya mashine yanayosukuma kitambaa. Jinsi ya kuchagua sindano. Uzi ukikatika, legeza springi inayoubana. Wiki tatu hakuandika mtu, nikawa namwambia, "Mwanangu, tunaongea na ukuta." Halafu likaja oni la kwanza. Nakumbuka hata herufi zake: "Wadau habari zenu. Mimi nipo Tabora. Fundi amesema uzi ukikatika ulegeze springi. Si kweli siku zote. Uzi uliokaa dukani juani unaoza, hata ulegeze nini utakatika. Vuta kwa mkono kwanza uone. Nawasilisha."

Nilikasirika! Mtu hana jina, hana karakana, yuko Tabora huko ananiambia mimi si kweli. Nikamwambia Hansa amjibu kwamba mimi nipo kazini tangu yeye hajazaliwa. Hansa akasema, "Umejuaje umri wake?" Kesho yake akaja mteja, uzi unakatika, nimelegeza springi mpaka mwisho, unakatika. Nikauvuta ule uzi kwa mkono. Ukakatika bila hata nguvu. Ulikuwa umekaa kwenye kioo cha duka lake mwaka mzima, unapigwa jua.

Nilirudi kwenye kompyuta nikamwomba Hansa anifundishe kuchapa mwenyewe, kwa kuwa niliona aibu kumwambia yeye aandike neno asante kwa niaba yangu. Nikachapa kwa kidole kimoja: "Mdau wa Tabora uko sahihi. Asante." Ndani ya saa moja wakaja wengine wawili, mmoja Pemba, mmoja Kahama, kila mtu na lake kuhusu uzi. Yule wa Pemba alisema kwao unyevu ndio adui, wanahifadhi uzi kwenye debe la mchele. Nilikaa pale nasoma mpaka Bwana Ratilal akaanza kushusha milango.

Nyinyi mnadhani maoni ni pale mtu anapoandika "kazi nzuri" akapita. Hapana. Mtu aliyesoma ulichoandika mpaka mwisho, akakipima kwa mashine yake, kisha akarudi kukwambia kilipoharibika, huyo amekupa kitu. Miaka yote niliyokaa na Fundi Shomari sikuwahi kumuuliza swali moja kwa mdomo. Kwenye blogu watu walikuwa wanauliza bila woga, mbele ya kila mtu, na nilikuwa nawaonea wivu. Ila msidhani kwa kuwa nilipenda mazungumzo basi niliacha tabia. Nilikuwa najibu, ndiyo, na nilikuwa nabania. Hatua nne naandika, ya tano nabaki nayo. Vidole vyenyewe vilikuwa vinasimama.

Hapo ndipo alipoingia Edita.

Aliandika hivi: "Shikamoo Fundi Kondo na wadau wote. Mimi naitwa Edita, niko Songea. Nimenunua cherehani ya umeme, mtumba kutoka kiwandani. Nimepewa kushona sare za shule na shule inakaribia kufunguliwa. Mashine inaruka, inashona hatua tatu inaacha mbili. Huku fundi wa mashine hizi hakuna. Naombeni msaada."

Swali zuri, limeelezwa vizuri. Ugonjwa nikaujua palepale. Sindano ilikuwa imeshuka, na ile ndoana inayozunguka chini kudaka uzi ilikuwa inapita imechelewa. Nikamwandikia: fungua kifuniko, legeza skrubu inayoshika chuma cha sindano, pandisha mpaka tundu la sindano likutane na ncha ya ndoana, kaza. Hatua nne.

Ya tano ni hii, mnaijua kwa kuwa nimewapigia nayo kelele mpaka mmenichukia: kabla ya kuwasha umeme, zungusha gurudumu kwa mkono mara mbili, polepole, usikilize. Sindano ikigusa ndoana utasikia. Ukisikia, simama, rekebisha. Usipozungusha ukawasha moja kwa moja, na sindano imekaa vibaya hata kwa unywele, chuma kitapiga chuma kwa kasi ya mota.

Sikuiandika. Nimejiuliza sana kwa nini. Edita yuko Songea, hata mashine ikimshinda asingeibeba kuvuka nchi nzima kuniletea mimi Kariakoo. Sikuwa na faida yoyote ya kupata. Nilibania kwa mazoea tu, mtu anavyovua viatu mlangoni.

Baada ya siku tano akarudi.

"Fundi Kondo shikamoo. Nimefuata yote uliyoniambia. Nilipowasha sindano imevunjika, kipande kimenichana chini ya jicho, namshukuru Mungu jicho lipo. Na ncha ya ndoana imekatika. Sijui nimekosea wapi. Samahani kwa usumbufu."

Wallahi, eti "Sijui nimekosea wapi"! Anayeomba samahani ni yeye. Na kabla sijainua hata kidole, wadau wakamvamia. Mmoja wa Keko, fundi mwenzangu namjua, akaandika, "Dada, hizi mashine si za kuchezea." Mwingine, "Ndiyo maana tunasema peleka kwa fundi, mnajifanya mnajua." Mwingine akamuuliza kama alikuwa amevaa miwani. Na Edita anamjibu kila mmoja kwa heshima: asante kaka, nimekusikia kaka, nimejifunza kaka.

Nilimfuata Hansa mezani kwake. Yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuyafuta.

"Mwanangu, haya maoni ya yule dada wa Songea, yaondoe. Yanatuharibia jina."

"Mjomba, maoni ya watu hatuyafuti. Ametukana?"

"Hajatukana."

"Amesema uongo?"

Hansa akageuza kiti akanitazama vizuri.

"Mjomba. Kuna kitu hukumwambia?"

"Nina kazi," nikasema, nikarudi nyuma. Nilikaa kimya siku tisa. Nyinyi mlionijua nikiwa mkali mnadhani sikuwahi kuogopa. Niliogopa. Niliogopa mafundi wenzangu, kwamba nikisema nilimbania huyu, nimesema kuwa sote tunabania. Niliogopa Bwana Ratilal. Nilikuwa napita mbele ya ile kompyuta kama mtu aliyekopa duka la jirani.

Siku ya kumi Edita akaandika tena. "Wadau, nimeona niwaage. Sare nimempa mwenzangu ashone. Shemeji yangu aliyenipa chumba cha duka nitamrudishia. Mashine kuna mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi. Nimeona mikono yangu si ya mashine. Nawashukuru wote, hasa Fundi Kondo kwa muda wake."

Kwa muda wake. Nililia, na sina haja ya kuwaficha. Nililia palepale dukani, wateja wapo, Bwana Ratilal akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Ilikuwa Jumatano. Nikakaa nikachapa, kidole kimoja, na Hansa amesimama nyuma yangu:

"Edita, hukukosea. Nilikupa hatua nne, ziko tano. Ya tano ni kuzungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kuwasha. Naijua tangu ujana wangu na sikukuandikia makusudi, kwa sababu sisi mafundi hatumpi mtu kazi yote. Kuumia kwako ni mimi. Ndoana kukatika ni mimi. Wadau mnaomsema mumwache, nisemeni mimi. Usiiuze mashine, nakutumia ndoana. Kondo, Kariakoo."

Nikabonyeza. Sasa ndoana yenyewe niitoe wapi? Aina ile dukani hatukuwa nayo, ilikuwa imekwisha tangu zamani. Ilikuwepo moja tu ninayoijua, kwenye cherehani ya Mwanaidi nyumbani, aliyokuwa anashonea mapazia.

"Unaifungua ya nini, nzima hiyo?" akauliza Mwanaidi.

Nikamweleza. Yote, tangu mwanzo. Alisikiliza ameshika kiuno.

"Kwa hiyo umemuumiza mwanamke wa watu Songea, na sasa unalipa kwa cherehani yangu."

"Ndiyo."

"Fungua basi. Lakini utaniambia mwenyewe wenye mapazia niwaambie nini." Akatoka uani. Ndoana ikaondoka alfajiri na basi la Songea, imefungwa kwenye kitambaa.

Mafundi wenzangu hawakunisamehe. Yule wa Keko alinifuata mpaka karakana. "Kondo, umetuvua nguo! Wateja wananiuliza mimi kama nimewapa hatua zote. Wananiuliza mimi!" Nikamwambia, "Umewapa?" Akaondoka, na hatukusalimiana mpaka miaka imepita. Bwana Ratilal yeye alisoma lile oni mara mbili, miwani imeshuka puani, kisha akasema, "Kondo, miaka yote hii na mimi ulikuwa unanibania?" Nikamwambia ndiyo, Bwana. Akaenda kuuza sindano.

Wiki mbili nilikaa sijui kama ndoana imefika. Halafu Edita akaandika. Mnunuzi wa chuma alikuja Jumamosi, naye Edita akamwambia arudi alikotoka. Ndoana imefika, ameifunga mwenyewe, amezungusha kwa mkono si mara mbili, mara ishirini. Mashine inashona. Sare zilishakwenda, hazirudi, lakini ameanza na magauni ya kipaimara. Kovu lipo dogo. Akaendelea:

"Fundi, nimekusamehe. Ila nina swali. Na wale wengine uliowajibu kabla yangu?"

Swali hilo lilinikalisha chini. Nilikuwa nimeshajibu watu mwaka na nusu. Nikaanza mwanzo wa blogu, jibu moja baada ya jingine, nikisoma nilichoandika na kutafuta nilichoacha. Sijawahi kufanya kazi ya kuchosha kuliko ile. Kila siku baada ya kazi nilikaa nikachapa chini ya jibu langu: hapa niliacha hiki, hapa niliacha kile. Wengine walirudi wakashukuru. Mmoja wa Moshi alirudi akanitukana, "Fundi, mwaka mzima nahangaika na mashine kwa ajili ya skrubu moja?" na Hansa akaniuliza nataka lifutwe, nikasema amesema kweli liache. Wengi hawakurudi. Hujui kama walisoma, hujui kama bado wanashona.

Kisha nikafika kwa mdau wa Kigoma. Swali lake: mashine yake ya kiwandani inashona vizuri asubuhi, ikipata moto inakaza, gurudumu haligeuki mpaka ipoe. Tena akasema ilianza baada ya kufanyiwa matengenezo. Jibu langu lilikuwa fupi: "Hiyo imezeeka, chuma kimekwisha. Tafuta nyingine."

Nikalisoma. Nikalisoma tena. Nilitafuta nilichombania yule mtu, sikukiona. Hilo lilikuwa jibu langu kamili, ndilo nililowapa wateja wote wenye ugonjwa ule tangu mashine za kiwandani zilipoingia mtaani. Lakini nilikuwa nimeshazoea kujikagua, na hapo penye maneno "baada ya matengenezo" pakanikera. Mashine izeeke siku ileile iliyotengenezwa? Nikaandika neno ambalo sikuwahi kuliandika wala kulitamka mbele ya mtu: "Mimi sijui. Anayejua atusaidie."

Siku ya tatu akajibu mtu asiye na jina, ameandika tu mdau, Bukoba. "Hapo ni ile pete inayokazwa kwenye mhimili mkubwa ili usicheze. Mafundi wengi wanaikaza mpaka mwisho. Mhimili ukipata moto unatanuka, unakosa nafasi, unakaza. Weka karatasi nyembamba kati ya pete na chuma, kaza, kisha chomoa karatasi. Nafasi hiyo inatosha. Nawasilisha."

Nilikuwa naikaza mpaka mwisho. Ndivyo nilivyomwona Fundi Shomari akifanya kwenye kioo, anakaza pete, anakaza kabisa. Halafu alikuwa ananituma mafuta.

Stoo ya nyuma ilikuwa na mashine tatu nilizoziandika kwa chaki "imekufa", zinangoja wa vyuma chakavu. Nikaiburuta moja mpaka kwenye benchi. Nikalegeza pete, nikaweka karatasi ya sigara niliyoiomba kwa mpiga debe, nikakaza, nikachomoa. Nikazungusha kwa mkono, kisha nikawasha. Nikachukua kipande cha turubai nikashona mstari, nikageuza, nikashona mwingine. Saa ya kwanza ikapita. Nikaigusa, ina moto. Gurudumu linazunguka. Saa ya pili. Hansa akaja akasimama mlangoni.

"Mjomba, hiyo si ile uliyosema imekufa?"

"Haikuwa imekufa. Mimi ndiye niliyeikaza."

Nilijaribu kukumbuka ni watu wangapi niliowatengenezea mashine zao, zikarudi zimekaza, nikawatazama usoni nikawaambia poleni, imezeeka. Wengine walikuwa wananishukuru kwa ukweli. Nikaacha kuhesabu. Nikaenda kwenye kompyuta, nikaandika juu kabisa ya blogu, mahali ambapo kila mtu ataona: "Kama Fundi Kondo aliwahi kukwambia mashine yako imezeeka kwa kukaza ikipata moto, nilikosea. Usiiuze. Ilete, au fanya kama alivyosema mdau wa Bukoba."

Wa kwanza kujibu alikuwa wa Buguruni, hakuweka jina.

"Mimi nilishaiuza, fundi. Ilikuwa ya marehemu mama."

Nikaandika pole, nikaona haitoshi, nikafuta. Nikakaa na kile kidole juu ya herufi muda mrefu, Bwana Ratilal anashusha milango. Nikaandika tena pole, maana sikuwa na neno jingine, nikabonyeza.